Makumbusho ya Reli, Nairobi: nimesafiri kwa nauli ya matatu

Wiki ya tatu tangu nirudi nyumbani, miguu ilianza kuniwasha. Nilikuwa njiani miezi saba: Arusha, Ziwa Natron, Dar, kilomita 1,860 za TAZARA hadi Kapiri Mposhi (mgongo haujasahau), kisha basi baada ya basi mpaka Cape Town. Sasa niko Umoja nafua mablanketi, na mama, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, kila akinipita ananong'ona, "Mwenda tezi na omo..." Halafu ananyamaza, nimalizie mwenyewe.

Hela za kutoka tena sina. Jumamosi nikapanda matatu ya tauni, nikajifanya mgeni, nikaingia Makumbusho ya Reli, pale nyuma ya steshini kuu. Nimezaliwa mji huu na sikuwa nimewahi kukanyaga hapo. Aibu, najua.

Chumba cha ndani nilikipitia haraka: picha za kale, vyombo vya simu, sahani na vijiko vya wakubwa wa enzi hizo. Utamu wote uko uani. Kuna behewa ambamo, mwaka 1900, afisa wa polisi Charles Ryall alikuwa akimvizia simba mla watu huko Kima. Usingizi ukamchukua. Simba akaingia, akatoka naye dirishani. Nilisimama kwenye lile dirisha nikijaribu kupiga hesabu walipitaje wawili hao, nikashindwa. Na kituo kuitwa Kima! Sambusa za nyama sikuzitamani siku hiyo.

Kilichonishika hasa ni kichwa cha treni namba 5918. Nilihesabu magurudumu ya upande mmoja nikafika 14. Vichwa vya aina hii vilikuwa 34, vikaundwa Manchester na Beyer, Peacock miaka ya 1950, kila kimoja tani 252, na kila kimoja kikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Nikainua macho nisome kibao cha hiki changu: Mount Gelai.

Gelai! Mwezi wa pili wa safari yangu niliutazama mlima huo karibu siku nzima, nimekaa nyuma ya pikapu, vumbi la Natron mpaka kwenye meno. Nilimuuliza dereva jina lake mara mbili kwa kuwa sikuwahi kulisikia. Kumbe muda wote lilikuwa limeandikwa hapa mjini kwetu, mwendo wa dakika chache kutoka steji ninayoshukia.

Nilipanda kwenye kibanda cha dereva, nikashika vyuma vya baridi, nikakaa. Mvulana mmoja akaja na babake, akaniuliza, "Auntie, inaenda wapi?" Nikamwambia Mombasa. Akapanda.

Lalamiko langu ni la nje ya geti: mkahawa mmoja wa jirani, jina naliacha, ulinipa chai ya vuguvugu na mandazi ya juzi. Bebeni yenu.

Kingine, bebeni kitambulisho, kwa maana mwananchi halipi sawa na mgeni. Vaeni kofia, hivi vyuma vimeanikwa juani. Na suruali nyeupe iacheni nyumbani. Yangu imeloweka tangu jana, na grisi ya Gelai bado haijatoka.