Safari ya Matumaini: tathmini ya abiria aliyepandia Arusha na kushushwa Lumumba

Huduma ninayoitathmini hapa haikuwa na tiketi wala namba ya usajili, lakini abiria wake walihesabiwa na Tume ya Taifa ya Uchaguzi, na Oktoba 29, 2015 idadi yao ikatangazwa: watu 6,072,848, sawa na asilimia 39.97 ya kura halali. Mimi nilikuwa mmoja wao. Mwenye gari alikuwa Edward Lowassa, waziri mkuu aliyejiuzulu mwaka 2008, sasa ni marehemu, na jina la Safari ya Matumaini, yaani mbio zake za urais, halikutungwa na wapinzani wake bali lilitoka kambini kwake. Kwa hiyo sioni kuwa ni utovu wa adabu kumzungumzia kama abiria anavyolizungumzia basi lililompakia, likambadilishia njia, kisha likamwacha kituoni bila neno. Hasira ilikwisha siku nyingi. Kilichobaki ni malalamiko ya mteja, na nimeona niyaandike kwa utaratibu.

Tuliondokea Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, Mei 30, 2015. Nilikaa upande usio na kivuli, nyuma ya mama mmoja aliyekuwa amejifunika khanga kichwani kwa sababu ya jua na kummegea mjukuu wake andazi kila mara mtoto alipoanza kulia, huku yeye mwenyewe akiwa hayaondoi macho jukwaani. Wengi tuliokuwa pale tulikuwa tumekwishaisikia kauli ya Lowassa ya miaka mingi kwamba ukosefu wa ajira kwa vijana ni bomu linalosubiri kulipuka, na wengi tulikuwa na vijana wetu nyumbani wenye vyeti na wasio na kazi. Hatukupanda kwa kushawishiwa na wapiga debe peke yao. Tulipanda kwa sababu hapakuwa na gari jingine lililotaja kituo tulichokuwa tukienda.

Maandalizi yalikuwa ya kiwango cha juu, na hilo nalisema bila kinyongo. Fomu ya kuomba kuteuliwa na CCM iligharimu shilingi milioni moja. Makada 42 waliichukua na 38 wakairudisha. Chama kilidai wadhamini 450 tu, lakini yeye alizunguka mikoani akarudi na mamia ya maelfu. Hata hivyo, dalili za matatizo ya njiani zilikuwapo mapema, kwani Februari 2014 chama kilikuwa kimewapa onyo makada sita, yeye akiwamo, kwa kuanza kampeni kabla ya wakati, na kuwafungia kwa miezi 12. Dereva aliyekwisha kusimamishwa mara moja hawezi kusema hakujua kwamba Dodoma, kwenye vikao vya uteuzi vya chama, kuna mizani.

Na kweli mizani ilimkataa. Kamati Kuu ilipitisha majina matano: Bernard Membe, John Magufuli, Asha-Rose Migiro, January Makamba na Amina Salum Ali. La Lowassa halikuwamo. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu yenyewe, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitokeza hadharani kujitenga na uamuzi huo, na wajumbe wa Halmashauri Kuu wakaimba ukumbini, mbele ya Mwenyekiti Jakaya Kikwete, kwamba wana imani na Lowassa. Haikusaidia. Mkutano Mkuu ulimpa Magufuli kura 2,104, Amina akapata 253 na Migiro 59. Mpaka hapo sina malalamiko yoyote dhidi ya Lowassa. Kukatwa si kosa la aliyekatwa, na kama aliona kanuni zimevunjwa, alikuwa na haki ya kusema.

Malalamiko yangu yanaanzia baada ya Dodoma. Mwezi Mei, akizungumza na wahariri, alikuwa amesema hana mpango wa kuihama CCM, na kwamba asiyemtaka ndani ya chama ndiye aondoke. Sisi abiria tuliichukua kauli hiyo kama ratiba iliyobandikwa dirishani. Kati ya Julai 12, jina la Magufuli lilipotangazwa, na Julai 28, zilipita siku 16 za ukimya na uvumi, na mwisho wake tukamwona katika hoteli moja ya Bahari Beach, Dar es Salaam, akipokewa na viongozi wa Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani, na kukabidhiwa kadi ya Chadema. Akatukumbusha maneno ya Mwalimu Nyerere kwamba Watanzania wanataka mabadiliko, na wasipoyapata ndani ya CCM watayatafuta nje yake.

Msafiri wa mabasi ya mikoani anaijua hali hii: inaitwa kufaulishwa. Basi lenu linasimama, konda anawaambia teremkeni na mizigo, mnapandishwa katika basi la kampuni nyingine ambalo lina abiria wake tayari, na viti havitoshi. Abiria tuliowakuta Chadema walikuwa wamefundishwa kwa miaka minane kwamba huyu tuliyekuja naye ndiye mfano wa kile wanachokipinga. Jina lake lilisomwa katika orodha ya mafisadi pale Mwembe Yanga, Temeke, Septemba 15, 2007, na aliyeisoma alikuwa Dk. Willibrod Slaa, katibu mkuu wa chama hicho hicho. Februari 2008 ikaja ripoti ya kamati ya Dk. Harrison Mwakyembe kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, na Lowassa akajiuzulu. Daima alikanusha kuwa alifaidika na mkataba ule, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Alipoulizwa tena mwaka 2015, jibu lake lilikuwa kwamba mwenye ushahidi aende mahakamani.

Kisheria lile lilikuwa jibu. Kwa abiria wawili wanaobanana kwenye kiti kimoja, mmoja aliyemshangilia kwa miaka 10 na mwingine aliyemzomea kwa miaka minane, halikuwa jibu. Tulihitaji nusu saa ya maelezo yaliyonyooka: nini kilitokea mwaka 2006 na 2007, nani aliamua nini, kwa nini niliwajibika, na kwa nini leo nasimama na walionishutumu. Tulichopewa badala yake ni msemo wa Freeman Mbowe, mwenyekiti wa Chadema wakati huo, wa kubadili gia angani, msemo mtamu uliovuma mpaka vijiweni, lakini gia ikibadilishwa angani abiria hawaelezwi wanaelekea wapi. Profesa Ibrahim Lipumba akaachia uenyekiti wa CUF, chama kingine cha Ukawa, mapema mwezi Agosti, Dk. Slaa naye akatangaza Septemba 1 kwamba anaachana na siasa za vyama. Hao walishuka mapema. Sisi tuliendelea.

Nitatenda haki nikisema kwamba sehemu ya kati ya safari ilikuwa nzuri kuliko safari nyingine yoyote ya kisiasa niliyowahi kuipanda. Agosti alipanda daladala jijini Dar es Salaam, kitu ambacho wengi walikiita maigizo, nami nakubali kilikuwa maigizo, ila ni maigizo ambayo wakubwa wengine hawakujisumbua hata kuyafanya. Kule Jangwani, Agosti 29, vipaumbele vyake vilitajwa kuwa elimu, elimu na elimu. Umati uliimba Lowassa, mabadiliko, mabadiliko, Lowassa, huku watu wakizungusha mikono kama kocha anayeomba kubadilisha mchezaji. Hotuba zake zilikuwa fupi mno, nyingine za dakika chache tu, na wapinzani wake wakafanya mzaha juu ya afya yake. Sisi tulimtetea. Tulisema mgonjwa si mwizi, na kwamba nchi haiongozwi kwa wingi wa maneno. Hoja hiyo ya ufupi wa maneno nitairudia, kwa sababu imekuja kunichoma mwenyewe.

Tulishindwa. Magufuli alitangazwa mshindi kwa kura 8,882,935, asilimia 58.46. Lowassa aliyakataa matokeo, lakini aliwataka watu watulie, na kwa hilo anastahili sifa. Wala safari haikuwa bure: Chadema iliingia bungeni na wabunge wapatao 70, wa majimbo na wa viti maalumu, na upinzani ukashika halmashauri za miji mikubwa, Dar es Salaam na Arusha zikiwamo. Huduma yenye matokeo kama hayo haiwezi kupewa sifuri.

Wateja wenzangu huniuliza kama nilitarajia kitu ambacho hakuna mwanasiasa anayekitoa. Sivyo. Mwaka 1995, katika mchujo wa CCM, Kikwete aliongoza raundi ya kwanza kisha akashindwa na Benjamin Mkapa kwa kura 686 dhidi ya 639. Alibaki, akafanya kazi, akasubiri miaka 10. Mwaka 2005 Dk. Salim Ahmed Salim, naye waziri mkuu wa zamani, alishindwa katika mchujo uliojaa maneno machafu juu ya asili yake na historia yake Zanzibar, maneno ambayo yangemfanya mtu yeyote avunje sahani. Hakuhama, aliendelea na kazi ya Umoja wa Afrika kuhusu Darfur, na heshima yake haikupungua hata chembe. Nao walio na hakika kwamba chama kimekosea wana mfano wa Kingunge Ngombale-Mwiru. Mzee yule, akiwa na miaka 85, aliondoka CCM Oktoba 2015, akasema hajiungi na chama chochote, na mpaka alipofariki Februari 2018 alikuwa hajarudi wala hajahamia kwingine. Kubaki ni huduma inayoeleweka, na kuondoka moja kwa moja ni huduma inayoeleweka pia.

Januari 9, 2018 Lowassa alikwenda Ikulu kuonana na Rais Magufuli, akatoka akimsifu kwa kazi anayoifanya. Chadema ikasema huo si msimamo wa chama. Wakati huo mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imezuiwa, na Tundu Lissu, mbunge wa Chadema, alikuwa kitandani ng'ambo akitibiwa majeraha ya risasi alizopigwa Dodoma Septemba 2017. Tulijisemea kwamba mtu mzima huongea na mtu mzima mwenzake, pengine anatafuta suluhu kwa niaba yetu. Abiria hukawia kukubali kwamba dereva anaangalia pa kugeuzia gari.

Machi 1, 2019, katika ofisi ndogo ya CCM mtaa wa Lumumba, gari liligeuka. Magufuli alimpokea. Lowassa alisema amerudi nyumbani. Nilikuwa kinyozini, upande mmoja wa kichwa umekwisha nyolewa, televisheni iko juu ya kioo; kinyozi aliizima mashine akatazama hadi mwisho, akaguna, akaiwasha tena. Hakuna aliyezungumza. Na siku hiyo hiyo Mbowe, mtu aliyemfungulia mlango wa Ukawa, aliyebeba lawama zote za gia ile ya angani, alikuwa mahabusu Segerea tangu dhamana yake ilipofutwa Novemba 2018. Alitoka Machi 7. Hata kama Lowassa alikuwa na kila sababu ya kurudi, siku sita angeweza kusubiri.

Hapo ndipo ninapomwondolea nyota nyingi zaidi kuliko mahali pengine popote. Kuhama baada ya mchujo nilikwisha kumsamehe, kwa kuwa nilihama naye. Kurudi pia kungeweza kueleweka, kwani mtu ana umri wake, ana familia, ana mifugo yake Monduli na majirani anaoishi nao. Sumaye, waziri mkuu mwingine mstaafu aliyekatwa katika mchujo ule ule wa 2015 na kuhamia Ukawa mwezi mmoja baada yake, naye alirudi CCM, Februari 2020. Lakini kabla ya hapo aliita waandishi wa habari Desemba 2019 akaeleza kwa nini anaondoka Chadema, baada ya kukataliwa katika uchaguzi wa uenyekiti wa Kanda ya Pwani alikokuwa mgombea pekee. Unaweza kuzikubali sababu zake au kuzikataa, lakini zilitajwa.

Kwa jumla natoa nyota mbili kati ya tano, na ya pili naitoa kwa shingo upande. Ya kwanza ni ya miezi miwili ya kampeni, ambayo iliwafanya watu wengi niliowafundisha shuleni wapange foleni ya kura kwa mara ya kwanza. Ya pili ni ya mwaka 2008, kwa sababu alijiuzulu katika nchi ambayo wakubwa hawana mazoea hayo. Alipofariki Februari 10, 2024 na kuzikwa Ngarash, Monduli, walikuja watu wa vyama vyote, na Rais Samia Suluhu Hassan alikuwapo. Mimi pia nilisema pole, kwa moyo mweupe. Msibani si mahali pa kudai nauli.

Lakini Lumumba haikuwa msibani. Siku ile alikuwa hai, vipaza sauti vilikuwa mbele yake, na nchi nzima ilikuwa imenyamaza kumsikiliza. Angesema: ninyi milioni sita mlionipa kura, nawashukuru, nimeshindwa kuendelea kwa sababu hii na hii, msiwalaumu walionipokea, na anayetaka kuendelea na njia ile aendelee. Ingemchukua dakika tatu, na dakika tatu zilikuwa urefu wa hotuba zake tulizozitetea mwaka 2015 kutoka mkutano hadi mkutano.