Vizibo 15 mezani: tathmini ya kozi fupi ya ulinzi wa raia vitani, jijini Mwanza

Kozi hii ya Jumamosi nne, inayohusu namna mataifa yanavyoitikia maovu wanayotendewa raia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, huendeshwa na kituo kimoja cha mafunzo kilichopo ghorofa ya pili, hatua chache kutoka Barabara ya Kenyatta. Ada yake ni shilingi 40,000, chai ikiwemo. Nililipa kwa kusitasita, kwa sababu makongamano ya haki za binadamu niliyowahi kuhudhuria yalinizoesha hotuba ndefu, bango la kupigia picha na bahasha ya nauli mwishoni, na sikuona kwa nini hili la kulipia liwe tofauti. Limekuwa tofauti, ingawa si katika kila jambo.

Siku ya kwanza mwalimu, mwanasheria wa makamo, aliingia na kopo la vizibo vya soda, akavimwaga mezani, akahesabu 15, kisha vitano akavipaka wino mwekundu. Hilo ndilo lilikuwa Baraza letu la Usalama la Umoja wa Mataifa. Azimio zito hupita likipata kura 9, mradi asiwepo hata mmoja wa wanachama watano wa kudumu, yaani China, Marekani, Ufaransa, Uingereza na Urusi, aliyelipinga. Kujizuia kupiga kura si kupinga. Baada ya maelezo hayo mafupi alituachia vizibo tuvisogeze wenyewe kwa kufuata kura zilizopigwa kweli. Tulianza na Machi 31, 2005, suala la Darfur, huko Sudan, lilipopelekwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai: 11 upande wa ndiyo, 4 pembeni, Marekani na China zikiwa miongoni mwa hao wa pembeni. Tukaja Machi 17, 2011, azimio 1973 la kuwalinda raia wa Libya: 10 ndiyo, 5 pembeni, Urusi na China zikiwemo. Halafu Mei 22, 2014, pendekezo la kuipeleka Syria katika mahakama hiyo hiyo: 13 ndiyo, 2 hapana, na hao wawili ni Urusi na China.

Mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, alivitazama vile vizibo kwa muda.

“Mwalimu, yaani viwili vimevishinda kumi na vitatu?”

“Ndiyo, mama. Hata kimoja chekundu kingetosha.”

Sijawahi kuona kanuni ya kura ya turufu ikieleweka upesi namna ile. Hata hivyo, uzuri wa zoezi haukuwa hapo, kwa maana lawama za turufu tumezisikia redioni tangu utotoni. Uzuri wake ulijitokeza pale mwalimu alipotutaka tupange kura ya Aprili 21, 1994, wiki mbili baada ya mauaji ya kimbari kuanza Rwanda, Baraza lilipopitisha azimio 912 la kupunguza kikosi cha walinda amani kutoka takriban 2,500 hadi 270. Mkono wa kila mmoja wetu ulikuwa tayari kutafuta kizibo chekundu cha kuweka upande wa hapana. Hakikuwepo. Vizibo vyote 15 vilikwenda upande mmoja, kikiwemo cha Rwanda yenyewe, ambayo mwaka ule ilikuwa na kiti katika Baraza na mjumbe wake akiiwakilisha serikali iliyokuwa ikiua. Mei 17 Baraza liligeuka na kuidhinisha askari 5,500, lakini askari na vifaa havikufika kwa wakati, na mauaji yalikoma mwezi Julai baada ya upande mmoja wa vita kuushinda mwingine. Kwa hiyo yule mama alipata jibu zito kuliko swali lake: turufu huzuia, lakini nchi ikikosa wa kuijali, hata turufu haihitajiki.

Hapo mzee mmoja aliyewahi kununua sangara visiwani akaomba kusema, na mwalimu, kwa busara, akaweka chaki chini. Alieleza jinsi Mto Kagera ulivyozileta maiti hadi ziwani mwaka ule, nyingi zikiopolewa na kuzikwa upande wa Uganda, na jinsi yeye alivyokaa na sanduku la barafu lililojaa samaki siku tatu bila mnunuzi, watu wakimwambia hawawezi kula kitu kilichotoka katika maji yale. Hakulaumu mtu yeyote. Alisema tu kwamba wakati huo hakujua kuwa mahali fulani watu walikuwa wameketi wakipiga kura juu ya jambo hilo.

Kipindi cha pili, kilichohusu sheria, kilikuwa kikavu lakini cha lazima. Tulisoma kifungu cha tatu ambacho ni cha pamoja katika Mikataba ya Geneva ya 1949, kinachozibana pande zote hata kama vita si kati ya nchi na nchi, pamoja na itifaki ya pili ya 1977, yaani nyongeza ya mikataba hiyo. Kilichokiokoa kipindi ni Arusha. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda iliyoundwa Novemba 8, 1994 na kufungwa mwisho wa 2015 ilifanya kazi yake humu humu nchini, na Septemba 2, 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, ikawa mahakama ya kwanza ya kimataifa kutoa hukumu ya mauaji ya kimbari na kutamka kwamba ubakaji nao unaweza kuwa njia ya kuyatekeleza. Mwalimu hakuishia kwenye sifa. Alituonyesha pia upande wa pili: hati ya kumkamata Omar al-Bashir, aliyekuwa rais wa Sudan, ilitolewa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai Machi 4, 2009, na bado alitembelea Kenya mwaka 2010 na Afrika Kusini mwaka 2015, nchi zote mbili zikiwa wanachama wa mahakama iliyomtafuta, akarudi kwake salama.

Kipindi cha tatu kilihusu “wajibu wa kulinda”, ahadi ambayo viongozi wa dunia waliitoa mwaka 2005 kwamba nchi ikishindwa dhahiri kuwakinga watu wake na maovu makubwa, wengine watachukua hatua kupitia Baraza. Kilikuwa na mjadala mkali kuhusu Libya, ambako azimio la kulinda raia liliishia kwa kuanguka kwa serikali, na Urusi na China zikalitaja hilo zilipoikingia kifua Syria. Nilitoka nikiwa sijashawishika na upande wowote, jambo ambalo naona ni dalili ya ufundishaji mwema.

Malalamiko yangu makubwa ni Kongo. Ilipewa dakika 40 za mwisho, Jumamosi ya nne, baada ya umeme kukatika na nusu ya darasa kuanza kukusanya mabegi. Kwa mtu wa Mwanza huo ni upungufu usiosameheka. Azimio 2098 la Machi 28, 2013 liliunda kikosi cha kushambulia, si cha kulinda tu, na askari wake walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Mwezi Novemba mwaka huo waasi wa M23 wakashindwa. Desemba 7, 2017 wanajeshi wetu wasiopungua 14 waliuawa Semuliki, mashariki mwa Kongo. Januari 2025 M23 iliuchukua mji wa Goma. Mambo haya yalistahili Jumamosi nzima, maana hapo ndipo maswali ya vizibo yanapokutana na familia tunazozifahamu.

Lipo na pengo lingine, nalo nadhani ni la makusudi. Tulielezwa kwa fahari jinsi watu wapatao 250,000 walivyovuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24 mwishoni mwa Aprili 1994 na kupokelewa Ngara. Hatukuelezwa kwamba Desemba 1996 serikali yetu iliwatangazia wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, wala jinsi askari walivyotumika kuwarudisha. Mwitikio wa mataifa unatujumuisha na sisi, na darasa lililovumilia ukweli kuhusu wengine lingeuvumilia na huu.

Kuhusu huduma yenyewe, vipindi vilichelewa kuanza kwa karibu dakika 45 kila mara, na kitini cha kurasa 38 kilikuwa cha Kiingereza kitupu, nakala zimefifia, wakati ufundishaji wote ulikuwa kwa Kiswahili safi. Mama wa Mwaloni alikirudisha mezani siku ile ile. Chai ilikuwa nzuri, maandazi ya moto.

Ningelipa tena shilingi 40,000 kwa vipindi vitatu vya mwanzo. Anayetaka kujiunga na awamu ijayo aulize kwanza kama kitini cha Kiswahili kimetoka, na siku ya Kongo aje na maswali yake mkononi tangu asubuhi, kabla umeme haujakatika.