Watu wazima: mmoja. Watoto: wawili. Siku yetu kwenye bustani ya bembea

Nyota 3 kati ya 5. Naanza na hapo ili mwenye haraka aende zake. Nyota moja nimeiondoa kwa sababu ya kanuni za kupanda bembea (mashine yoyote ya burudani ya kupanda humu naiita bembea), ambazo naamini zilitungwa na mtu ambaye hajawahi kutoka na watoto wawili akiwa peke yake. Ya pili nimeiondoa kwa sababu ya choo, na habari ya choo inakuja.

Mkubwa wangu ni binti wa miaka 5. Mdogo ni wa kiume, ana miezi 20, anakimbia lakini hajui bado kusimama. Kabla ya kwenda nilikuwa naogopa kuchoka. Nilichoka kweli, ila uchovu haukuwa shida. Shida ilikuwa hesabu: mimi mmoja, wao wawili, na bembea nyingi zina viti vya watu wawili wawili. Kila tulipofika mbele ya foleni nilikuta swali lile lile: nikikaa na huyu, yule anabaki na nani? Waliosema mshika mawili moja humponyoka nadhani walikuwa wametoka kwenye foleni ya bembea.

Mlangoni walimpima mkubwa akiwa na viatu, akatoka sentimita 108, wakamvalisha bangili ya rangi inayoonyesha anaruhusiwa kupanda nini. Mdogo ana sentimita 83, yake ilikuwa rangi ya wale wasioruhusiwa karibu chochote. Ukizunguka utaona vibao vya 102, 112, 122, namba ambazo hazina kichwa wala miguu mpaka ujue kwamba zilianza kama inchi: 40, 44 na 48. Na si ukali wa bure. Kile chuma cha kuwazuia abiria, kikiwa kimoja kwa kiti kizima, hushuka hadi kikutane na paja nene kuliko yote kwenye kiti. Nikikaa na mtoto, kinaishia kwangu, naye anabaki na nafasi ya kuchomoka. Kumpakata ndiyo kabisa. Kwenye kona ya kasi hakuna mikono ya mzazi inayoweza kumshikilia. Mimi nilielewa haya yote. Binti yangu hakuelewa, maana kimo cha treni ya milima na mabonde, ile inayopanda na kuporomoka kwa kasi, anacho.

Ila kanuni ya treni ile ina mkia. Kuanzia sentimita 102 mtoto anaruhusiwa, lakini hadi afike 122 lazima akae na mtu mzima. Nikamuuliza mhudumu kuhusu ule utaratibu wa zamu, ambapo mzazi mmoja anapanda, mwenzake anabaki na mtoto mdogo, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni upya. Akachungulia nyuma ya bega langu.

"Mko wangapi, mama?"

"Ndio hawa."

Alisikitika kwa dhati, na sina neno naye. Zamu inataka watu wazima wawili, na mtoto wa miezi 20 huwezi kumkabidhi mhudumu kama mkoba. Binti alilia kilio cha mtu aliyedhulumiwa. Ninayemlaumu ni aliyeandika maelezo ya kwenye programu ya simu ya bustani. Ameweka kimo cha kila bembea, picha nzuri, hata dakika za foleni, lakini hakuna mahali pameandikwa safu moja inabeba watu wangapi, wala mtoto gani anaweza kupanda bila mtu mzima. Kwa mzazi aliye peke yake, hayo mawili tu yangetosha kupanga siku nzima.

Baada ya hapo nikaacha kusoma vibao vya kimo, nikawa naangalia viti. Mashua zinazoelea taratibu: benchi refu, tukakaa watatu, mdogo katikati. Tulirudia mara nne. Treni inayozunguka bustani, vilevile. Farasi wa kuzunguka walinipa wasiwasi mpaka nilipoona kwamba kati ya farasi kuna kiti kama cha gari la kukokotwa. Mimi na mdogo tukakaa hapo, mkubwa juu ya farasi aliye mbele yetu, nikiweza kumgusa mgongo. Vikombe vinavyojizungusha navyo vinatuchukua wote, ingawa mwenye tumbo jepesi ajihadhari. Kisha kuna vijindege vya watoto ambavyo mtu mzima haruhusiwi kabisa kupanda. Hapo binti alipanda peke yake, mimi nje ya uzio na kaka yake mbelekoni, na kila alipopita alitupungia kama rais. Kilio cha asubuhi kikaisha.

Sasa choo. Tulikuwa tumesimama dakika 35 kusubiri magari madogo, zimebaki familia mbili mbele yetu, binti akaninong'oneza, "Mama, mkojo." Mwenye mwenzake angemwachia nafasi. Mimi nilitoka na ukoo wote. Chooni, kigari cha kumsukumia mdogo hakipiti kwenye mlango, na kukiacha nje na mtoto ndani yake sikuthubutu. Kilikuwepo chumba cha familia, kizuri, chenye meza ya kubadilishia nepi na sinki la chini, lakini ni kimoja kwa eneo zima na kina foleni yake. Tukaingia watatu kwenye choo cha kawaida, mdogo mgongoni, mkubwa akijisaidia, mimi nimeegemea mlango kwa sababu kitasa hakifungi vizuri. Tuliporudi foleni ilikuwa dakika 50. Hatukupanga tena. Tangu hapo sharti langu likawa: hakuna kuingia foleni ya zaidi ya dakika 15 bila kupita chooni kwanza, hata mtu akiapa kwamba hana haja.

Kuhusu kigari na mbeleko, watu hubishana kama lazima uchague. Beba vyote viwili. Kigari huachwa nje ya kila bembea, kwa hiyo ndani ya foleni ni mbeleko iliyofanya kazi. Kigari ndicho kilichobeba nepi, nguo za kubadili na maji, na ndicho kitanda cha mdogo kuanzia saa saba mchana. Saa ile aliyolala ndiyo saa pekee niliyoongea na binti yangu sentensi nzima. Kifunge kitambaa cha rangi kali. Ukitoka kwenye mashua utakuta vigari arobaini vinavyofanana. Vitu vya thamani usiache humo.

Mdogo aliniponyoka mara moja, kwenye uwanja wa maji yanayoruka kutoka sakafuni, wakati namfunga dada yake kamba za viatu. Haikufika dakika, mhudumu alimdaka kwa kola. Asubuhi nilikuwa nimewapiga picha wote wawili na nguo walizovaa, na nimewaandikia namba yangu ya simu mkononi kwa kalamu ya wino usiofutika. Wino ulistahimili maji. Magoti yangu hayakustahimili.

Tuliingia milango ilipofunguliwa, na saa ya kwanza tulipanda vitu vingi kuliko saa tatu zilizofuata. Tukaondoka saa tisa alasiri, kabla hawajaanza kuvurugana. Onyesho la usiku hatukuliona na sijutii.

Nimeshachungulia kanuni za kwingine. Kwenye bustani za Disney za Marekani, mtoto asiyefika miaka 3 hahitaji tiketi, na aliye chini ya miaka 7 lazima apande bembea akiwa na mtu wa miaka 14 au zaidi. Hapa kwetu pia, nimeuliza, msindikizaji wa miaka 14 anakubalika kwenye ile treni ya milima na mabonde. Binti wa dada yangu anatimiza 14 mwezi ujao. Nimeshamwambia zawadi yake ni tiketi.