Stormbreaker darini kwetu Langoni: filamu tamu, kitabu kinauma

Kitabu ndicho kilichotangulia. Nafanya kazi katika nyumba ya wageni kule Shela, kisiwani Lamu, na wageni wakiondoka huacha vitu: kofia, mafuta ya jua, vitabu vilivyovimba kwa maji ya chumvi. Mwaka jana mmoja aliacha Stormbreaker, riwaya ya Anthony Horowitz iliyotoka mwaka 2000, ya kwanza katika mfululizo wa kijana mpelelezi anayeitwa Alex Rider. Niliimaliza kwa siku tatu, nikisoma botini asubuhi na jioni. Nikaitafuta na filamu yake ya 2006, nikaazima projekta kwa rafiki, nikatundika shuka jeupe darini kwa mamangu, mtaa wa Langoni, Ijumaa moja baada ya Isha.

Walikuja wapwa zangu watano na watoto wa majirani sijui wangapi, mamangu akakaa kwenye kiti chake karibu na ngazi, ami yangu aliyekuwa nahodha kwa miaka mingi akajilaza kwenye mkeka, na mwalimu wa sekondari anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu akaja na bajia. Nayaandika haya kwa sababu watu wale waliiona filamu moja, usiku mmoja, wakatoka na maoni yasiyokutana, na mimi mwenyewe mpaka leo sijatulia nayo.

Kisa chenyewe ni hiki. Alex ana miaka 14, yuko London, wazazi wake walikufa zamani. Analelewa na Ian Rider, ambaye katika filamu ni Ewan McGregor, pamoja na mlezi wa nyumbani, Mmarekani aitwaye Jack, ambaye ni mwanamke (watoto walibishana sana juu ya jina hilo). Ian anauawa. Alex anaambiwa ni ajali ya gari, lakini gari lina matundu ya risasi. Anagundua kwamba Ian hakuwa mtu wa benki bali jasusi wa MI6, idara ya ujasusi ya Uingereza, na MI6 inamtaka yeye, mtoto wa shule, akaimalize kazi iliyomuua mkubwa wake.

Filamu ni ya Kiingereza na mamangu hasikii Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa natafsiri kwa sauti. Dakika za mwanzo tu nikakwama. Kiingereza kina neno moja kwa ndugu wa baba na ndugu wa mama. Mimi kwa mazoea nikasema mjomba, maana ndivyo wapwa zangu wanavyoniita. Mamangu akanikatiza: "Yeye Rider, na mwana Rider. Mjomba wapi? Huyo ni ami yake."

Ni kweli, na neno hilo moja liliibadilisha filamu nzima mbele ya macho yangu. Mjomba anaweza kukupenda na kukudekeza, lakini ami amekaa mahali pa baba. Huyu ami alimpeleka kijana kujifunza karate, kupiga mbizi, kupanda milima, lugha za kigeni, na mtoto akadhani ni mapenzi ya mlezi asiye na mtoto wake mwenyewe. Kumbe alikuwa akitayarishwa kwa kazi. Nilipolifafanua hilo, mamangu aliuliza swali ambalo sikulikuta katika kitabu wala filamu: "Basi alikuwa akimlea au akimnoa?"

Halafu wanakuja wakubwa wa MI6. Alan Blunt anaigizwa na Bill Nighy, Bi Jones na Sophie Okonedo, na wote wawili ni waigizaji hodari, sina neno nao. Blunt anamweka kijana mahali pabaya: ukikataa, Jack atarudishwa Marekani. Filamu inapita hapo mbio, kwa sauti ya mzaha, na watoto darini wakacheka. Mamangu hakucheka. Alisema yatima hafanyiwi hivyo, akatukumbusha ile aya ya Suratu Dhuha ya kutomwonea yatima, na kwa muda kidogo watoto wakanyamaza. Katika kitabu sehemu hiyo ni nzito. Kijana ametoka mazikoni juzi, hana baba, hana ami, na serikali yenyewe inamfanyia biashara na mtu wa pekee aliyebaki naye. Nilipoisoma nilikiweka kitabu chini. Hapa ndipo ninapoidai filamu: inalifanya mchezo jambo lililokuwa roho ya hadithi. Horowitz mwenyewe ndiye aliyeandika mchezo wa filamu, kwa hiyo siwezi kumlaumu mtu mwingine kwamba hakukielewa kitabu.

Lakini niwe mkweli kwa watoto pia, maana filamu ilitengenezwa kwa ajili yao, na wao waliipenda kwa nguvu zao zote. Mapigano yalipangwa na Donnie Yen, yule yule wa filamu za Ip Man ambaye vijana wetu wanamjua vizuri, na inaonekana. Kuna sehemu Alex anapambana na wanaume kwenye uwanja wa magari mabovu, silaha yake kamba tu. Anaizungusha, anawakamata miguu, anawaangusha. Watoto wa hapa wamezaliwa na kamba mikononi, za mashua, za punda, za nyavu. Walisimama wote. Mmoja akaomba nirudishe nyuma, nikarudisha mara tatu. Alex Pettyfer, aliyeigiza kijana, anasogea kama mtu aliyejifunza kweli, hata kama usoni mara nyingine haonyeshi kwamba amefiwa. Vifaa vya kijasusi navyo viliwafurahisha, hasa dawa ya chunusi inayoyeyusha chuma. Ile Nintendo DS, kifaa cha mkononi cha michezo ya video, haikuwaambia kitu. Waliuliza ni simu ya aina gani. Kitabuni ni Game Boy, ya zamani zaidi.

Sehemu ya konyeza ndiyo iliyomwamsha ami yangu kwenye mkeka. Adui ana tangi kubwa la maji, ndani yake kuna yule mnyama wa bahari mwenye kibofu juu na mikia mirefu chini, na Alex anatupwa humo. Watoto walipiga kelele. Ami akasema kwa utulivu kwamba yule hamfukuzi mtu. Hajui kuogelea. Kibofu chake ni tanga, upepo ukimpeleka huku anakwenda huku, mkondo ukimpeleka kule anakwenda kule. Ubaya wake uko kwenye mikia, ambayo inaweza kufika mita 30, na wewe unaogelea hujui kwamba imeshakuzunguka. Ukiguswa unaungua vibaya, ingawa ni nadra mtu kufa. Kwa dakika tano hakuna aliyetazama shuka. Wote walikuwa wanamsikiliza. Filamu iliyomfanya mzee aseme mbele ya watoto mambo ambayo hawajawahi kumwuliza imefanya kazi kubwa, na nitaishukuru kwa hilo.

Sasa adui mwenyewe, na hapa tulibishana mpaka projekta ikazimwa. Katika riwaya anaitwa Herod Sayle, mtoto wa familia fukara ya Cairo. Siku moja anawaokoa watalii matajiri wasiangukiwe na piano, nao kwa shukrani wanamchukua, wanamlipia masomo Uingereza. Shuleni wenzake wanamtesa kwa rangi yake, kwa asili yake, kwa jina lake, na kinara wa watesaji anakuja kuwa Waziri Mkuu. Sayle anatajirika kwa kompyuta, na kisasi chake ni kuigawia kila shule ya Uingereza kompyuta ya bure iitwayo Stormbreaker, yenye virusi vya ugonjwa ndani, na Waziri Mkuu huyo huyo ndiye wa kubonyeza kitufe cha kuziwasha.

Filamu imemgeuza kuwa Mmarekani, Darrius Sayle, akaigizwa na Mickey Rourke. Mwalimu alifurahi. Alisema amechoka kuona kila mbaya wa sinema ana jina la kwetu, na watoto darini wamekwisha kuziona filamu za namna hiyo za kutosha. Namwelewa, na nusu ya moyo wangu iko upande wake. Lakini nusu nyingine inasema tumepokonywa mtu tuliyemjua. Sisi tunaishi na watalii. Mji huu una watoto waliolipiwa shule na wageni waliowapenda, wengine wakafika mbali na kila likizo wanarudi na zawadi kwa mama zao, wengine walirudi kimya na hawasemi walikutana na nini huko. Nilipomsoma yule mtoto wa Cairo sikumwona gaidi. Niliona jinsi wema unavyoweza kumtoa mtoto kwao na kumwacha peke yake mahali ambapo hakuna anayemtaka. Anayoyatenda ni maovu, na kitabu hakimtetei. Ila nilijua yametoka wapi. Sayle wa Mickey Rourke pia alionewa shuleni, lakini amevaa kama mtu wa maonyesho, anachekesha, na uchungu wake haukunifikia.

Juu ya virusi vyenyewe. Katika riwaya ni ndui, iliyotengenezwa upya iwe kali zaidi. Nilipolitamka neno ndui mamangu alipandisha mkono wa gauni akawaonyesha wajukuu alama ya chanjo begani. Mgonjwa wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Marka, Somalia, Oktoba 1977, pwani hii hii yetu ukielekea kaskazini, na Shirika la Afya Duniani likatangaza mwaka 1980 kwamba ugonjwa umetokomezwa. Kwa mtoto wa London ndui ni neno la kitabuni. Kwa mamangu ni jambo la upwa wake mwenyewe. Natamani filamu ingekaa hapo japo dakika mbili, watazamaji wajue ni kitu gani kilichokuwa kimewekwa mezani kwa watoto wa shule. Na watoto wetu, ambao baadhi yao walianza darasa la kwanza kwa vishikwambi vya serikali, waliuliza kwa hofu ya kweli kama navyo vinaweza kutiwa kitu. Niliwaambia hapana.

Mwisho wa filamu ni mbio za farasi katikati ya barabara za London, Alex na msichana mwenzake wa shule, Sabina. Katika mji wa punda kama wetu, hapo panashangiliwa bila kuombwa, na tulishangilia. Mpwa wangu mkubwa wa kike, mwenye miaka 13, ndiye aliyekuwa ameshaanza kukisoma kitabu, akasema Sabina hayumo humo. Yuko sawa: anaingia kwenye riwaya ya tatu. Filamu imemwazima mapema, nami sioni ubaya, amecheza vizuri na aliwapa wasichana wa darini mtu wa kumtazama.

Kinachonisumbua ni Yassen Gregorovich, muuaji aliyemuua Ian, anayeigizwa na Damian Lewis kwa ukimya mzuri sana. Kwenye kurasa za mwisho za riwaya anakutana na Alex ana kwa ana na kumwambia arudi shule, kwamba kuua ni kazi ya watu wazima na yeye bado mtoto. Hakuna mkubwa mwingine katika kitabu kizima aliyemwambia hivyo. Si Blunt, si Bi Jones, wala makomando wa SAS, kikosi maalumu cha jeshi la Uingereza, waliomfundisha. Ukifika hapo ukiwa umesoma kurasa zote za nyuma, inakuchoma. Ukifika ukitokea kwenye farasi na helikopta, haikugusi, unasubiri majina yaanze kupanda.

Kwa nyota tano naipa tatu, na kwa kamba ile naongeza nusu. Ni ya dakika 93, haina matusi ya kukufanya uruke kwenye rimoti, mtoto wa miaka kumi anaiweza. Mtu mzima aliyesoma kitabu ajiandae kupungukiwa. Haikurudisha gharama zake kwenye majumba ya sinema na ya pili haikutengenezwa; badala yake ulikuja mfululizo wa televisheni mwaka 2020, Otto Farrant akiwa Alex, ukianzia kwenye riwaya ya pili. Nimeona vipindi vichache na humo kufiwa kumepewa nafasi yake. Sijavimaliza, intaneti yetu huchukua usiku kucha kwa kipindi kimoja.

Kitabu kiko kwa mpwa wangu. Alasiri, akitoka madrasa, anakaa barazani na bibi yake, anamsomea huku akitafsiri mwenyewe. Juzi nilipita nikamkuta amefika kwenye lile tangi. Mamangu alikuwa akimwambia ya konyeza ayaruke, ami yetu ameshayaeleza, amsomee kwanza kama yule Jack alifukuzwa au hakufukuzwa.