Tahadhari: anayeuza safari za Alaska kwa "bei ya ndugu"

Jamani, kama kuna mtu kawatumia tangazo la gari la kukodi na tiketi za treni Alaska kwa "bei ya ndugu", msitume hela kwanza. Mimi ameshaniliza dola 1,890, na kabla ya hapo nilikuwa najisifu kwamba mjini siingizwi.

Jina lake silitaji kwa sababu ana majina zaidi ya moja, na lile nililopewa mimi bila shaka si lake. Namba nayo ameshaibadilisha. Nitaeleza mbinu, kwa kuwa hiyo hajaibadilisha.

Ilikuwa Juni 2024. Tunaishi Texas, mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Tanga kutusalimia, na wanangu walikuwa wameshamjaza maneno kuhusu dubu na barafu. Kwenye grupu la WhatsApp akajitokeza jamaa anayesema anapanga safari za Alaska nzima, mijini na porini. Kiswahili safi, adabu tele. Nilipomwambia tuna mzazi akatuma sauti: "Shikamoo mama, karibu Marekani, mimi ni mwanao." Mama akaitikia marahaba, akaniambia huyu kijana kalelewa. Basi, biashara ikakubalika palepale.

Bei ilikuwa hivi: gari la siku saba kutoka uwanja wa ndege wa Anchorage dola 980, tiketi za treni za watu watano dola 760, na "kibali" cha kuingia na gari letu hadi ndani kabisa ya hifadhi ya Denali dola 150. Nilitaka kulipa kwa kadi ya mkopo. Akasema kadi inamkata asilimia, nitume kwa Zelle, ile njia ya kuhamisha hela kutoka akaunti ya benki hadi nyingine.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo watu wengi watanasa. Mimi sikutuma hela kama kipofu. Alinipa namba ya buking ya gari, nikaingia mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni ya kukodisha, nikaweka namba na jina langu la ukoo. Gari likatokea: aina ileile, tarehe zilezile, jina langu. Kampuni ya kweli, buking ya kweli. Nikatuma hela usiku uleule.

Tumefika Anchorage karibu saa tano usiku na jua bado liko juu ya mlima. Mama mkwe ananiuliza Magharibi itaingia saa ngapi huku, namjibu karibu saa sita, ananitazama kama namtania. Tunafika kaunta ya magari, binti anaandika namba, anakunja uso. Buking ilikuwepo, lakini imefutwa siku nne zilizopita na mtu aliyeifungua. Tena haikuwahi kulipiwa hata senti.

Ndiyo mchezo wenyewe. Kampuni nyingi za magari zinakuruhusu kuhifadhi gari bila kulipa, unalipa unapolichukua, na ukighairi hudaiwi kitu. Yule bwana alifungua buking kwa jina langu lakini kwa barua pepe yake. Hela ikaingia mfukoni mwake, siku zikapita, akabonyeza kufuta, na taarifa ya kufutwa ikaenda kwake. Mimi nilihakiki kwamba gari limehifadhiwa. Sikuuliza kama limelipiwa. Ukiona kwenye buking neno la kulipa kaunta, na mtu anakuambia yeye ameshalipa, huyo anakudanganya mchana kweupe.

Na msidhani utapata gari jingine palepale. Msimu wa watalii Alaska ni mfupi, katikati ya Mei hadi katikati ya Septemba, na magari yanagombewa. Yaliyobaki usiku ule bei yake sikuthubutu hata kumwambia mke wangu. Tukachukua teksi hadi hotelini, mama akiwa kimya, mimi napiga namba inayoita tu. Asubuhi haikuita tena.

Treni je? Zile tiketi zilikuwa picha. Nilikwenda kituoni Anchorage, mhudumu akazitazama akacheka kidogo, halafu akaniomba radhi kwa kucheka. Ziliandikwa treni ya usiku yenye vitanda, Anchorage hadi Fairbanks. Alaska Railroad, kampuni yenye treni hizo, haina treni ya namna hiyo. Inayokwenda Fairbanks wakati wa kiangazi ni ya mchana, inaondoka asubuhi saa mbili na kitu na kufika usiku, safari ya saa kumi na mbili hivi, na watu wanaipanda kwa ajili ya dirisha. Nani alale na mlima Denali uko nje?

Kile "kibali" ndicho kinaniuma zaidi, kwa sababu dakika kumi za kusoma zingeniokoa. Barabara ya hifadhi ya Denali ina maili 92. Wakati wa kiangazi gari binafsi linaruhusiwa maili 15 za mwanzo tu, hadi mto Savage. Kuanzia hapo unapanda basi. Ipo bahati nasibu ya kuingia na gari lako, lakini ni ya siku chache za Septemba, si Juni. Tena tangu Agosti 2021 ardhi ilivyoporomoka sehemu inayoitwa Pretty Rocks, mabasi yenyewe yalikuwa yanaishia maili 43. Mimi nilikuwa nimeuziwa ruhusa ya kwenda Wonder Lake, maili 85, kwa gari ambalo halipo, kwenye barabara iliyokatika.

Tuliponyoka kwa jambo moja tu. Alitaka kutuongezea Juneau, eti "mnashuka kwa gari tu, siku moja". Mke wangu akafungua ramani. Juneau ndiyo makao makuu ya jimbo lakini haina barabara inayoiunganisha na kwingine. Unaingia kwa ndege au kwa meli. Ukitaka kuikaribia kwa gari kutoka Anchorage unaendesha zaidi ya maili 700 hadi mji wa Haines, kisha unapanda feri, na katikati unapita Kanada. Mama ana viza ya Marekani kwenye pasi ya Tanzania. Kanada wanataka viza yao. Tungefika mpakani na mama wa watu akazuiwa! Jamaa alipoulizwa akasema "hiyo ni kosa la uchapaji, shemeji", na sisi, kwa akili zetu timamu, tukalikata Juneau na kuendelea kumwamini kwa yaliyobaki.

Hela za pili nililipa mwenyewe, kwa kadi, moja kwa moja kwa wenye huduma. Treni hadi Denali nilikata kituoni palepale, siti zilikuwepo za kesho kutwa. Basi la hifadhi nililikata kwenye tovuti ya wenye mabasi; lile la kawaida lisilo na mwongozo ni nafuu, na dereva wetu alisimama kila mnyama alipotokea. Mama aliona dubu na watoto wake wawili, akasoma dua yote anayoijua. Gari hatukulihitaji kabisa, ndiyo ajabu yake. Ukilihitaji, soma mkataba: kampuni nyingi zinakataza barabara za changarawe kama Dalton, ile ya maili 414 inayopanda hadi Deadhorse. Jamaa alikuwa ananiambia "gari linakwenda popote".

Benki walinisikiliza vizuri na hawakunirudishia kitu. Zelle ukishatuma kwa mkono wako wanaihesabu kama umempa mtu taslimu. Ingekuwa kadi ya mkopo ningepinga malipo. Nimeripoti FTC, tume ya serikali ya Marekani inayolinda wateja, kwenye ReportFraud.ftc.gov na FBI kwenye ic3.gov, zote zinajazwa mtandaoni bila kulipa. Mwenzangu uliyelizwa, nenda ujaze na wewe hata kama hela umeshaisamehe, na uandike namba ya simu na jina la akaunti iliyopokea. Najua tunaona aibu, hasa aliyekuliza akiwa mtu uliyemwitikia salamu. Mimi nilikaa wiki tatu bila kumwambia mtu, na katika wiki hizo kuna familia nyingine ya hukuhuku Texas ilituma dola 1,200.

Juzi dada mmoja wa Minnesota kanitumia tangazo jipya aliloliona kwenye grupu lao. Picha ya wasifu ni nyingine, jina jingine, namba mpya. Lakini ndani yake mna gari linalokwenda popote, na treni ya usiku yenye vitanda hadi Fairbanks. Picha za mazungumzo yangu yote ninazo pamoja na ile sauti ya shikamoo. Anayetaka kulinganisha aniandikie faragha, nitamtumia.