Erişte: Kuchemsha na Kuchuja, au Kukausha Maji kama Pilau

Erişte ni tambi za Uturuki zinazokandwa kwa unga wa ngano, mayai, maziwa na chumvi, kisha hukatwa nyembamba na kuanikwa mwishoni mwa kiangazi ziwe akiba ya majira ya baridi. Kuzichemsha katika maji mengi, kuzichuja na kuzitia siagi ni njia ya haraka isiyomsumbua anayeanza, ila sehemu ya ladha humwagwa pamoja na maji.

Njia ya pili huitwa erişte pilavı, na neno pilavı ndilo pilau yetu. Tambi hukaangwa kwanza katika siagi, zikigeuzwa kwa mwiko bila kuachwa, mpaka baadhi yake ziwe za kahawia na kunukia kama mkate uliotoka tanurini. Ndipo maji ya moto humiminwa, sufuria hufunikwa, na moto hupunguzwa hadi maji yakauke. Maji yakizidi, tambi hugandana, kwa hiyo ni afadhali kuanza na machache na kuongeza kidogo kidogo. Mimi huichagua hii, hasa tambi zinapoliwa na kokwa za jozi (walnut) zilizopondwa na jibini nyeupe, kwa sababu kila uzi hubaki imara mdomoni.