Nilivyonunua fleti Whitefield, Bengaluru: uzoefu wangu baada ya miaka sita

Wiki iliyopita binamu yangu wa Mombasa alinitumia picha ya tangazo la fleti. Bwawa la kuogelea, minazi, watoto wanacheza kwenye nyasi, na chini yake maandishi makubwa: dakika 10 kutoka kituo cha metro. Amepata kazi huku Bengaluru, kusini mwa India, na alitaka kulipa amana kabla mwezi haujaisha. Nilimpigia simu hapo hapo nikamwambia asitoe hata rupia moja mpaka tuzungumze. Niliyomwambia nayaandika hapa pia, kwa sababu najua Wakenya na Watanzania wenye asili ya India wanaofikiria kununua huku si wachache.

Nilikuja Bengaluru mwaka 2014. Babu zangu walitoka Kutch, mimi ni mzaliwa wa Mombasa na nina kadi ya OCI, wanayopewa watu wenye asili ya India ambao si raia wake. Kadi hiyo inakuruhusu kununua nyumba ya kuishi au ya biashara bila kuomba kibali maalumu, ila shamba hapana. Jambo hilo liliniokoa mapema. Dalali mmoja alinipeleka Sarjapur kuniuzia kiwanja kwa bei nzuri sana, kimeshawekewa mawe ya mipaka na barabara ya vumbi katikati. Nilipoomba karatasi, ardhi ilikuwa bado imeandikwa ya kilimo, haijabadilishwa matumizi. Nikamshukuru nikarudi zangu.

Nilikuwa nimepanga BTM Layout na ofisi iko Whitefield, kama kilomita 18. Kilomita hizo zilinila maisha. Unatoka BTM, unaingia makutano ya Silk Board, unakamatwa hapo, halafu unafuata barabara ya mzunguko hadi Marathahalli, unakamatwa tena. Asubuhi nakaa njiani kwa muda wa saa moja na nusu, jioni mvua ikinyesha ni muda wa saa mbili na zaidi. Mwaka 2019 kampuni ya TomTom, inayopima foleni za miji, iliuweka mji huu wa kwanza duniani: safari zilichukua muda mrefu kwa asilimia 71 kuliko barabara ikiwa tupu. Sisi tuliokuwa ndani ya basi hatukushangaa. Ndipo nikaamua kununua karibu na kazi.

Kuna kitu nilikielewa baadaye na natamani ningekijua siku ya kwanza. Tazama majina ya mitaa: Marathahalli, Kundalahalli, Byappanahalli. Halli kwa Kikannada ni kijiji. Mji umevimeza vijiji, na njia zilizotengenezwa kwa ajili ya mikokoteni ya ng'ombe ndizo zinazobeba mabasi ya wafanyakazi wa kompyuta. Sensa ya 2001 ilihesabu watu milioni 5.7 hivi, ile ya 2011 ikahesabu milioni 8.5. Mwaka 2007 manispaa ya mji ilipanuliwa ikachukua miji midogo iliyoizunguka pamoja na vijiji 110. Majumba ya ghorofa 15 yakaota kabla ya mabomba ya maji na mitaro ya majitaka. Kwa hiyo ukinunua pembezoni, uliza kwanza ardhi hiyo ilikuwa nini miaka ishirini iliyopita.

Fleti yangu iko nje kidogo ya barabara ya Varthur. Niliinunua mwaka 2019 ikiwa bado kwenye ramani, vyumba viwili vya kulala, kwa laki 62 za rupia. Laki yao ndiyo laki yetu, elfu mia, kwa hiyo upande wa hesabu huwezi kupotea. Laki mia moja wanaziita crore.

Ofisa wa mauzo alikuwa mpole, chai ya maziwa na biskuti mezani, ila alitaka asilimia 20 kabla ya mkataba. Nilikataa. Sheria ya RERA ya 2016, inayosimamia wajenzi na wauzaji wa nyumba na iliyoanza kufanya kazi kikamilifu Mei 2017, inamkataza mjenzi kupokea zaidi ya asilimia 10 kabla ya mkataba wa mauzo kusajiliwa. Sheria hiyo hiyo inamlazimu kuweka asilimia 70 ya fedha za wanunuzi kwenye akaunti ya pekee, kwa ajili ya ardhi na ujenzi wa mradi huo tu. Nilipotaja kifungu, asilimia 20 ikawa 10 papo hapo. Kila mradi una namba yake ya usajili wa RERA na unaweza kuutazama kwenye tovuti ya jimbo la Karnataka: michoro, tarehe ya kukabidhi, kila kitu. Dalali akikuambia namba inakuja, mwache aende nayo.

Sasa nije kwenye futi, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Nyumba yangu iliuzwa kama futi za mraba 1,180, kila futi rupia 5,250. Mama alipokuja kutoka Mombasa kunitembelea baada ya kukabidhiwa, tulichukua futi kamba ya fundi tukapima wawili, yeye ameshika ncha moja ukutani, mimi naandika kwenye bahasha. Sebule, vyumba, jiko, bafu. Tukajumlisha mara mbili. Jibu lilikuja 790 na kidogo. Mama akaikunja ile futi kamba taratibu, akaniuliza, "Mwanangu, hizo nyingine ziko wapi?" Ziko kwenye ngazi, lifti, korido, ukumbi wa chini na unene wa kuta. Wanajumlisha yote hayo, wanayagawa kwa kila fleti, na wewe unalipia. Laki 20 zangu zimekwenda huko. Si wizi, kwa sababu eneo la ndani ya kuta limeandikwa kwenye mkataba kama sheria inavyotaka. Lakini tangazo limeandika namba kubwa, na jicho linakwenda kwenye namba kubwa. Gawanya bei kwa eneo la ndani ndipo ulinganishe fleti moja na nyingine.

Juu ya bei kuna mengine. Nyumba inayojengwa ina kodi ya bidhaa na huduma, GST, asilimia 5, iliyokamilika na kupata cheti cha kukamilika haina. Kuna ushuru wa stempu asilimia 5 pamoja na nyongeza zake, na ada ya usajili ambayo mimi nililipa asilimia 1, lakini tangu mwisho wa Agosti 2025 ni asilimia 2. Mlango ukitazama mashariki unalipa zaidi kwa sababu ya vastu, imani ya Kihindu kuhusu mwelekeo wa nyumba, ghorofa ikipanda unalipa zaidi, gari likitaka kulala unalipa zaidi. Omba yote kwenye karatasi moja.

Waliahidi kukabidhi mwisho wa 2020. Korona ikaingia, mamlaka ya RERA ikawaongezea wajenzi miezi sita, na hilo nililielewa. Mafundi wengi walikuwa wametembea kwa miguu kurudi vijijini kwao. Lakini miezi sita ikapita, ikapita mingine, na funguo nilizishika Februari 2023. Muda wote huo nalipa kodi ya nyumba niliyopanga BTM na riba ya mkopo kwa pamoja. Kuna miezi nilibaki na nauli tu. Tulijikusanya wanunuzi 40 hivi tukapeleka malalamiko, kwa sababu sheria inampa mnunuzi riba kwa kila mwezi wa kuchelewa. Mwishowe kampuni ilikubali kutupunguzia sehemu ya malipo ya mwisho. Haikufika hata nusu ya tuliyopoteza. Wenzangu watatu waliuza kwa hasara kabla hawajalala hata usiku mmoja ndani.

Kwenye karatasi nilikuwa makini, na nashukuru. Nilimlipa wakili wangu mwenyewe, si yule wa kampuni. Alitazama hati ya ardhi kurudi nyuma miaka 30, cheti cha kuonyesha kama kuna deni au rehani, na khata, yaani kumbukumbu ya nyumba kwenye vitabu vya kodi vya manispaa. Khata A ndiyo ya kutafuta. Khata B maana yake kuna kasoro ya kibali au ya ardhi, benki nyingi hukataa kukukopesha na kuuza baadaye ni taabu. Cheti kingine cha kusisitiza ni kile cha kuruhusu watu kuhamia, wenyewe wanakiita OC. Mjenzi atakuhimiza uhamie bila hicho. Usihamie.

Wakili aliniambia pia nitafute kwenye ramani ya kijiji mitaro ya zamani inayoitwa rajakaluve. Bengaluru haina mto mkubwa. Wazee walichimba maziwa, na ziwa moja likijaa humwaga maji kwenye jingine kupitia mitaro hiyo. Ziwa la Bellandur linamwaga maji kwenye ziwa la Varthur. Ukijenga juu ya mtaro, maji hayatasahau njia yake. Septemba 2022 niliona kwa macho yangu: barabara ya mzunguko imekuwa ziwa, mitaa ya watu wenye uwezo upande wa Sarjapur imezama, na wafanyakazi wa ofisi wamepanda matrekta na mikoba vifuani. Ziwa la Bellandur nalo limewahi kutoa povu la kemikali na hata kushika moto. Upepo ukigeuka, harufu ya Varthur inafika kwenye roshani yangu. Nimezoea kufunga dirisha jioni, lakini sijazoea harufu.

Jambo lililonitoa machozi hasa ni maji. Mji unakunywa maji ya mto Cauvery, yanayosukumwa kutoka umbali wa kama kilomita 100, lakini vijiji vingi vilivyoongezwa 2007 havikuwa na bomba hilo. Sisi tulitegemea visima viwili vya kuchimba. Machi 2024, baada ya mvua kushindwa, kimoja kikakauka na kingine kikawa kinatoa tope. Maboza, yaani malori ya maji, yakawa yanakuja saa kumi alfajiri. Naamka kwa mlio wa pampu, nashuka na ndoo mbili endapo tangi halitajaa, namkuta jirani yangu wa ghorofa ya tano, bibi wa miaka sabini, ameshasimama getini na ndoo yake. Boza la lita 12,000 lilifika rupia 2,200. Serikali ikaweka kikomo cha bei cha rupia 1,000 kwa umbali wa kilomita 5, na baada ya hapo kwetu maboza yakaanza kuadimika. Mji ukapiga marufuku kuosha magari kwa maji ya kunywa, faini rupia 5,000. Na kwenye tangazo langu la 2019 kulikuwa na bwawa la kuogelea! Limekaa tupu tangu wakati huo, nami napenda libaki hivyo. Oktoba 2024 awamu ya tano ya mradi wa Cauvery ilizinduliwa kwa ajili ya vile vijiji 110. Sasa tunapata maji ya bomba siku kadhaa kwa wiki, na nafuu yake siwezi kuieleza.

Metro imenisaidia sana, nisiwe mkosefu wa shukrani. Tangazo langu nalo liliahidi dakika 10, wakati reli yenyewe haijafika. Ilifika Whitefield Machi 2023, na Oktoba mwaka huo kipande kilichobaki kikaunganishwa, kwa hiyo leo napanda kituo cha Hopefarm na kufika Majestic, katikati ya mji, chini ya saa moja, nimekaa nasoma. Shida ni kilomita tano za kutoka nyumbani hadi Hopefarm. Jumapili alfajiri ni kweli dakika 10. Jumatatu asubuhi nimepima kwa saa: dakika 35, na siku moja ya mvua dakika 50 ndani ya tuktuk, maji yakiingia miguuni.

Ningenunua tena Bengaluru? Ndiyo, naupenda mji huu na fleti yenyewe imejengwa vizuri, haina ufa wala unyevu. Lakini ningenunua iliyokamilika, yenye OC, hata kama ni ndogo kwa chumba kimoja.

Binamu yangu anafika Ijumaa. Tumekubaliana Jumatatu saa mbili asubuhi apande metro, ashuke kituo kile cha kwenye tangazo, achukue tuktuk mpaka kwenye geti la hizo fleti huku anatazama saa, halafu amuulize mlinzi boza la mwisho lilikuja lini. Akishajibiwa atanipigia.